Sebule Isiyokaliwa

Nyumba yetu ya Msalato ni nyeupe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichosha kuliko mengine yote. Mtu anayepaka nyumba rangi nyeupe Dodoma, tena upande wa Msalato ambako malori ya kokoto hayaishi kupita na upepo wa mwezi wa saba hauna adabu hata kidogo, mtu huyo ama hajawahi kushika ufagio, ama ana mke wa kuushika kwa niaba yake. Kuta nyeupe. Makochi meupe. Mapazia meupe. Marumaru nyeupe zinazong'aa hadi unaona nyayo zako zikija kukutana nawe. Na vumbi la huku ni jekundu. Asubuhi nilikuwa nafuta, na ikifika adhuhuri nikipitisha kidole mezani kinatoka na rangi ya tofali.

Si weupe peke yake. Mwenzangu, ambaye ni mume mwema na mchapakazi na sitaki msomaji amfikirie vibaya, alipata ugonjwa wa kutazama nyumba za watu kwenye simu. Ujenzi ulipofika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, alikuwa ameshatembelea sebule za Dar, za Afrika Kusini na za Uturuki bila kuinuka kwenye kiti, na kila aliyoiona ilimwachia kitu. Moja ilimwachia paa la kuficha. Nyingine ikamwachia sebule ya kushuka ngazi mbili, utadhani tunaingia bwawani. Nyingine jipsamu ya dari yenye duara ndani ya duara, na ndani ya maduara hayo taa za mkanda zinazobadilika rangi, kwa hiyo ukianza kula wali ni wa bluu, ukifika katikati umekuwa wa zambarau. Ukuta wa televisheni ukabandikwa mbao za mistari, na kila mfereji wa mbao hizo ni makazi ya kudumu ya vumbi. Kwenye baraza tukatandika nyasi za plastiki, sisi ambao tulikuwa tumezing'oa nyasi za kweli ili tujenge. Juu ya kochi kubwa likabandikwa neno la Kizungu lenye maana ya nyumbani, kwa herufi za dhahabu, labda ili tusije tukapotea njia.

Nilishirikishwa, siwezi kukana. Nilikuwa naonyeshwa picha nikiwa nimechoka na kazi, nasema sawa, nzuri, endelea. Wageni walipokuja kututembelea walisifu sana, wakapiga picha mbele ya mbao za mistari, wakatuombea heri. Lakini najua walichosema garini wakirudi mjini, kwa sababu hata mimi nimewahi kuyasema hayo juu ya nyumba za wenzangu. Walisema ile si nyumba, ni duka la samani.

Ningeweza kuvumilia duka la samani. Nyumba ile nilikuwa naihitaji kwa jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa Busi, huko Kondoa, peke yake tangu baba alipofariki. Asubuhi moja aliteleza uani akaanguka, akashindwa kuinuka. Siku hiyo nilimpigia simu mara mbili, haikupokelewa, nikajiambia yuko shambani. Kumbe alikuwa chini, hadi jirani alipokuja kuomba chumvi akamkuta. Nyonga haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini kilichovunjika ni usingizi wangu. Tangu hapo simu ikiita moyo unaruka. Ofisini niliiweka mezani mbele yangu na sikuwa nasikia vizuri watu walichoniambia. Nilitaka mama aje akae kwangu. Mwaka ule sikutaka kitu kingine.

Yeye hakutaka. Nilimwomba mwenyewe, nikamtuma shangazi, nikamtuma hata shehe wa msikiti wao, na jibu lilikuwa lile lile. Nyumba ya bati aliyo nayo Busi mchana inamkaanga na usiku inamgandisha, sasa kwa nini asafiri hadi mjini kwenda kukaangwa na bati la mtu mwingine? Mama alikulia kwenye tembe, nyumba yetu ya zamani ya miti na udongo, yenye paa bapa la udongo ambalo watu walipanda juu yake kuanika nafaka. Hadi leo joto likizidi hulitaja tembe la mama yake kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu.

Aliyefanikiwa kumshawishi ni mwenzangu, na alifanikiwa kwa bahati tu. Mimi na mama huzungumza Kirangi. Mwenzangu ni mtu wa Iringa, kwa hiyo wao hutumia Kiswahili, na mtandao wa Busi siku za upepo hukata maneno vipande vipande. Alimpigia kumpa habari kwamba tumehamia. Huku kwetu nyumba hizi za paa la kuficha watu wanaziita kontempo.

“Mama, ni kontempo,” nilimsikia akipaza sauti uani. “Paa halionekani kabisa.”

Mama akasikia alichosikia. Akauliza kama ndani kuna ubaridi mchana, mwenzangu akasema upo, kwa sababu alikuwa anafikiria kiyoyozi. Akauliza kama juu ni bapa, akaambiwa ukitazama kutoka barabarani ni bapa kabisa. Mama akasema basi, anakuja. Nilikaribia kulia kwa furaha na sikuuliza maswali.

Alishuka kwenye basi la Kondoa na begi dogo la nguo na viroba vya mazao. Kulikuwa na karanga, ulezi, majani ya mlenda, na kiroba kizima cha mbaazi za kwenye maganda ambazo bado zilikuwa na unyevu. Nilimuuliza kwa nini hakuziacha zikauke kwanza. Akasema atazimalizia kwangu.

Getini alisimama, akainua uso, akatazama ule ukuta wa juu ulionyooka pande zote. Akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu msiba wa baba.

“Kweli ni tembe,” aliniambia kwa Kirangi. “Tena kubwa.”

Nilidhani ananitania. Nikaingia ndani kuweka maji ya kuoga, na nilipotoka nikamkuta anaizunguka nyumba, ameshika kiroba cha mbaazi, anatafuta ngazi ya kupandia juu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kontempo ya kwenye simu ilimfikia ikiwa tembe. Mwenzangu alimweleza kwa adabu zote kwamba juu kuna bati kama nyumba nyingine yoyote, isipokuwa limezungushiwa ukuta ili lisionekane. Mama alimsikiliza macho chini, kama mkwe anavyomsikiliza mkwe. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo kama bati lenyewe ni la wizi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwenzangu naye alicheka nilipomtafsiria, ingawa si sana. Mama hakucheka. Alisema watu wa rika lake walihangaika maisha yao yote ili bati lao lionekane kutoka mlimani, na sisi tumehangaika ili lisionekane, na hajui nani kati yetu ana akili. Kwa kuwa ameshafika, akasema, atajaribu.

Na alijaribu, nampa haki yake. Alivua kandambili mlangoni na kutembea juu ya marumaru akitanguliza vidole, kama anapima maji ya mto. Macho yake hayapendi mwanga mkali, na nyumba yetu ni mwanga mtupu: sakafu nyeupe, ukuta mweupe, na ngazi mbili za kushukia sebuleni nazo nyeupe, kwa hiyo hakuona sakafu inaishia wapi na ngazi inaanzia wapi. Siku ya pili mguu ulikanyaga hewa. Nilikuwa karibu nikamdaka mkono. Nilisikia pumzi yake. Nikatandika mkeka pale ngazini ili apaone. Mkeka ukawa unateleza. Nikautoa, nikaweka zulia, nalo likawa linajikunja. Nikalitoa, nikaweka chungu cha maua ya plastiki kila upande, angalau aone kuna kitu.

Baya kuliko ngazi lilikuwa jiko la wazi. Kwetu mama mkwe hakai mbele ya mkwewe. Si uadui, ni heshima tu. Mkwe akiingia, yeye hujitanda khanga akaenda upande mwingine. Nyumba za kawaida zina upande mwingine. Yetu haina, kwa sababu nyumba za kwenye simu hazina, kule jiko na meza ya chakula na sebule ni kitu kimoja na kila mtu anamwona kila mtu. Mwenzangu akiingia na kusema “Shikamoo, mama,” mama anaitikia marahaba huku ameshainuka na sahani mkononi. Anaelekea jikoni, jiko linaonekana. Anageuka, anakutana na televisheni. Nilimwona siku moja amesimama nyuma ya friji na sahani yake ya ugali, anasubiri mkwewe amalize kutafuta funguo. Baada ya hapo akawa anakula chumbani, kwenye ukingo wa kitanda.

Mwenzangu si mjinga, aliona. Akaanza kuchelewa kurudi. Nikachungulia siku moja dirishani nikaona gari limesimama nje ya geti, taa zimezimwa, yeye yumo ndani anatazama simu ili mama amalize kula kwa amani. Tulikuwa watu watatu, watoto wako shule za bweni, na katika nyumba yote ile tulikuwa tunapishana kwa heshima kama watu walio kwenye foleni ya benki.

Na mimi nilikuwa nakimbia. Naamka, nafuta. Natoka kazini, kabla ya kuvua hijabu nimeshashika kitambaa. Mama alikuwa anashika ukuta akitembea, na mkono wake ukiacha alama mimi nilikuwa nyuma yake nafuta, halafu nahamia kwenye mito ya makochi naipanga upya, halafu nageuza meza ndogo, halafu nairudisha. Nilimshauri mwenzangu tupake rangi ya kijivu, nikabadili mawazo, nikanunua vitambaa vya makochi vya kufuma kama vile vya nyumba za zamani, nikavitandika, nikaviona vinachekesha pale juu, nikavitoa. Kila nilichogusa nilikuwa najiambia nakifanya kwa ajili ya mama. Nikiweka hiki vizuri, atazoea. Nikiondoa kile, hataondoka.

Mama akahamia barazani. Akamwaga mbaazi zake juu ya nyasi za plastiki, akakaa chini na kuanza kuzipukuchua. Lazima niseme ukweli, ilikuwa mara ya kwanza nyasi zile kumfaa mtu. Nilipita na ufagio nikazoa maganda. Yeye akaendelea kupukuchua, mimi nikaendelea kuzoa, akawa anadondosha na mimi nazoa kabla ganda halijatulia. Akainua macho kunitazama, kisha akarudi kwenye mbaazi zake.

Ijumaa moja nikatoka kazini nikakuta begi lake limefungwa, liko mlangoni pa chumba. Mbaazi zilizokauka ziko kwenye ndoo, zimefunikwa, zimeachwa kwangu. Akasema kwa upole kabisa kwamba kesho anarudi Busi, tusigombane, nyumba ni nzuri, Mungu atubariki.

Nilikasirika. Hasira yangu ndiyo hofu yangu, sijawahi kuzitenganisha. Nilimwona tena yuko chini uani, na safari hii hakuna mtu wa kuja kuomba chumvi. Nikaanza kusema maneno mengi kwa wakati mmoja. Nitaweka pazia kati ya jiko na sebule, la, nitaita fundi ajenge ukuta kabisa. Zile ngazi tutazijaza zege. Taa nitazing'oa. Na wakati nasema nilikuwa nimeshachukua kisu cha jikoni, nimepanda juu ya kochi na viatu vyangu, naanza kubandua zile herufi za dhahabu. Zilitoka na rangi. Ya kwanza ikaanguka, ya pili ikaanguka, ukuta ukabaki na makovu, na sikujali, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie sikujali ukuta.

“Shuka,” mama alisema. “Ukuta haujanikosea.”

Nilipogeuka nikamkuta ameshuka zile ngazi peke yake. Alikuwa ameketi kwenye kochi jeupe, upande wa pili, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu aje. Nikamwambia aniambie basi kinachomchukiza. Akitaje tu, nitakitoa leo hii.

Alikunja khanga yake magotini.

“Uliniita nije nikae na wewe,” alisema. “Nikaja. Wewe mbona hukai?”

Alisema kwa Kirangi, lakini nikiiandika kwa Kiswahili haipungui kitu, kwa sababu kwetu nako neno ni hilo hilo moja, la kuishi mahali na la kuweka makalio chini. Nilifungua mdomo nimjibu. Kazi, vumbi, chakula cha jioni. Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya mtu aliyesimama. Mama akapiga kochi kwa kiganja, pale ubavuni pake, kama alivyokuwa akipiga mkeka nilipokuwa mdogo na nimeitwa kusukwa.

Nikashuka, nikaenda, nikakaa. Nilikaa ukingoni, kisu mkononi. Akakichukua akakiweka chini kwenye marumaru.

“Bado hujakaa,” alisema.

Nikaegemea. Sijui kama nimewahi kuliegemea kochi lile kabla ya siku hiyo. Mguu wangu ulikuwa unachezacheza wenyewe, na mama akaweka mkono juu ya goti langu, hakulibana, aliuweka tu, mpaka mguu ukatulia. Nje upepo ulikuwa unapiga bati letu lililofichwa na nilijua kabisa vumbi linaingia kwa dirisha gani. Nikamwambia, bila kumtazama, kwamba simu ikiita huwa namwona yuko chini pale uani, na kwamba ndiyo sababu siwezi kutulia, si vumbi wala nini.

Mama hakuwa amewahi kunisimulia kuanguka kwake. Nilikuwa nimeuliza mara nyingi, nikiwa napika, nikiwa nafua, na kila mara alisema aliteleza tu, yameisha. Sasa akasimulia. Alisema jirani wa kwanza alipita nyuma ya uzio na yeye akanyamaza, kwa sababu khanga ilikuwa imefunguka na aliona aibu. Alisema jua lilimfikia miguu, kisha tumbo. Alisema alikuwa anasikia kuku wakiingia jikoni na hana la kufanya.

“Na simu ilikuwa inaita ndani,” alisema. “Ikakatika, ikaita tena. Nikajua ni wewe. Maumivu niliyaweza. Kilichoniliza ni hiyo simu, kwa sababu nilijua huko uliko hutakaa.”

Nilishika mkono wake uliokuwa kwenye goti langu na tukabaki hivyo, na machozi yangu yakaangukia kochi.

Honi ikalia getini. Kwa kawaida honi ya kwanza haijaisha nimeshafika kwenye komeo. Ikalia tena. Nikasikia mlango wa gari, kisha geti akilifungua mwenyewe, kisha viatu barazani, na mwenzangu akaingia na vumbi lote la Msalato miguuni. Akatuona. Akaona na ukuta, herufi zake zimebanduliwa nusu. Nilimhisi mama akijikusanya kuinuka kama siku zote, na nikajua akiinuka sasa ataliendea begi.

“Shikamoo, mama,” mwenzangu alisema.

“Marahaba, baba.”

Akavuta khanga hadi shavuni, akageuzia uso upande wa dirisha. Hakuinuka. Nami sikuinuka. Mwenzangu hakuuliza habari ya ukuta. Alipita haraka, kichwa chini, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nyayo zake zilibaki nyekundu kutoka mlangoni, ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, hadi upande wa pili wa sebule.

Mama alizitazama, kisha akanitazama mimi nikizitazama. Akauliza basi la Kondoa la kesho linaondoka saa ngapi.

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Mama yangu maisha yake yote ameamka kabla ya adhana ya alfajiri, na saa kumi na mbili huwa ameshafagia uwanja na kuwasha moto.

“Mapema mno hilo,” alisema, akaegemea. “Sitaliwahi.”